Mgeni wa Miaka Mitatu

Mjadala: mwanafunzi wa chuo kikuu ajiunge na vyama, au ashike kitabu peke yake?

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, daladala ziendazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hujaa sura mpya. Ni vijana wenye mabegi makubwa na bahasha za kaki, wakiuliza njia ya jengo la Utawala na njia ya kumbi za Yombo. Kabla wiki haijaisha, na kabla hawajajua ukumbi upi ni wa somo lipi, wameshapewa karatasi za kujiunga: kwaya, jumuiya ya dini, klabu ya midahalo, timu ya netiboli, uwakilishi wa darasa. Jioni simu inalia kutoka nyumbani. Mzazi haulizi kuhusu kwaya. Anasema neno moja: soma.

Nimelisikia swali hili katika nyumba nyingi, na mara nyingi limeacha watu wamenuniana. Kwa hiyo nimeziketisha sauti zake sebuleni Gongo la Mboto, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Hawa si watu wa nyumba moja ninayoijua. Ni sauti nilizozisikia kwa wengi, nikazipa undugu ili zisikimbiane. Yupo Mama, muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, aliyemsindikiza bintiye mjini. Yupo Babu, mkwewe, mwenye nyumba, aliyeingia chuo hichohicho, kiitwacho Mlimani, mwaka 1968. Yupo Shangazi, binti wa Babu, mhadhiri wa takwimu. Yupo Kaka, aliyehitimu miaka michache iliyopita katika chuo kimoja hapa nchini, ambako alikuwa waziri katika serikali ya wanafunzi. Na yupo Binti, mwaka wa kwanza, ualimu wa Kiswahili na jiografia, karatasi zake tatu ziko mezani karibu na sahani ya matunda.

MAMA: Naanza mimi kwa sababu mlipaji ni mimi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo umekuja, lakini haukuja wote. Kilichopungua kimetoka kwenye vitunguu, gunia kwa gunia, pale barabarani magari yanaposimama. Wiki ya kwanza tu mwanangu ananionyesha karatasi tatu: kwaya, midahalo, na kugombea uwakilishi wa darasa. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu anataka kushika nne. Kijijini kwetu wapo vijana waliorudi na begi, ukiwauliza wanasema wamedisko, yaani wamefeli wakaondolewa. Sijamwona hata mmoja aliyedisko kwa kusoma sana.

BABU: Mkwe wangu, hofu yako ina haki yake. Lakini niruhusu nieleze chuo nilichokikuta, maana watu wanadhani chuo ni majengo. Kile kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, mjini, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mimi nilipofika, chuo hakikuwa na miaka kumi, lakini kilikuwa na kidonda. Miaka miwili kabla yangu, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichowauma zaidi ni kwamba kwa miezi 18 wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akafukuza mamia yao. Siku hiyohiyo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Waliokuja baada ya hapo hawakuweza kukwepa swali: huyu anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima, anasoma kwa ajili ya nani?

KAKA: Na swali hilo halikuwa kwenye mtaala.

BABU: Ndiyo maana nakuambia. Darasani tulifundishwa, lakini swali hilo tuliulizana wenyewe. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda chama cha wanamapinduzi wa Afrika, kwa kifupi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Issa Shivji alikuwemo, mwanafunzi wa sheria. Jumapili walikaa darasa lao wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia, alikaa nao. Mwaka 1968 walizuia ile Siku ya Matambara, ambapo wanafunzi walivaa nguo zilizochanika wakapita mjini kukusanya michango ya hisani. Wao walisema umaskini si vazi la kuvaa siku moja kwa kicheko. Chuo kizima kilibishana. Hata sisi ambao hatukuwa wanachama tulilazimika kujua tunasimama wapi.

MAMA: Na kusoma mlisoma saa ngapi, baba?

BABU: Usiku, mkwe. Na tulisoma kwa bidii, kwa sababu ukibishana na mtu aliyesoma, unaona aibu kuja mikono mitupu. Novemba 1969 wale vijana wakatoa jarida, Cheche. Lilipigwa chapa kwenye stensili, likarudufiwa, likabanwa kwa mkono. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hirji alikuwa mtu wa hisabati, na baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba. Meghji akaja kuwa Waziri wa Fedha wa kwanza mwanamke katika nchi hii. Shivji akawa profesa wa sheria ambaye nchi nzima inamjua. Unaona kitabu kiliwaponyoka hao?

SHANGAZI: Baba, samahani, hapo nakupinga kwa kazi yangu. Unawataja waliovuka mto. Takwimu haituruhusu kuwahesabu waliovuka tu na kusema mto hauna mamba. Ili tujue kama vyama vinajenga au vinabomoa, lazima tuwahesabu na waliozama.

KAKA: Shangazi, mmoja wa waliokaribia kuzama yuko mbele yako. Babu, naiheshimu historia hiyo, lakini imalizie. Novemba 1970 serikali iliipiga marufuku Cheche, na USARF pamoja nayo. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliondolewa chuoni, wanafunzi wakagoma. Machi 1978 waliandamana kupinga marupurupu ya wakubwa, wakafukuzwa kwa mamia, na umoja wao, DUSO, ukavunjwa. Ukaletwa mwingine, MUWATA, chini ya mwavuli wa chama tawala. Mei 1990 chuo kikafungwa mpaka Januari 1991. Kila kizazi kililipa. Na aliyelipa si mwanafunzi peke yake, ni mama kama huyu aliyekuwa akisubiri mtoto ahitimu.

BABU: Sikatai.

KAKA: Sasa niseme yangu. Nilipewa wizara ya mikopo. Asubuhi nikifungua mlango wa chumba nakuta watu wamejipanga: huyu bumu, fedha yake ya kujikimu, halijaingia, yule jina halimo, mwingine hajala tangu jana. Nilikuwa nalala saa nne kwa usiku. Nilipenda kazi ile, sitadanganya. Lakini matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia, na somo moja nikalibeba mpaka mwaka uliofuata. Wenzangu walionipigia makofi kwenye kampeni walivaa joho kabla yangu. Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Uchaguzi uliofuata niliona fulana, kofia, pilau, na fedha ambazo mwanafunzi hawezi kuwa nazo. Nikaelewa kwamba kuna watu nje ya chuo wanaotafuta vijana wa kupanda nao ngazi. Mtu akiniambia leo kuwa uongozi wa wanafunzi ni shule, namuuliza: shule ya kufundisha nini?

SHANGAZI: Swali hilo hata majirani zetu wameulizana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa na umoja wao, SONU. Mwenyekiti wake wa mwaka 1982, Titus Adungosi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, akafia gerezani mwaka 1988. Huyo alilipa kuliko wote tuliowataja. Halafu miaka ikapita, chaguzi zikawa za fedha na fujo, mpaka sheria ya mwaka 2016 ikawanyang'anya wanafunzi wa Kenya kura ya moja kwa moja. Wakawa wanachagua wajumbe, na wajumbe ndio wakachagua viongozi. Fujo ilipungua, lakini mwanafunzi wa kawaida akasogezwa hatua moja kutoka kwenye chama chake. Mimi nasema waliutibu ugonjwa kwa kumwondoa mgonjwa kitandani.

MAMA: Basi tumekubaliana. Aache.

SHANGAZI: Bado, wifi. Tuanze na hesabu, maana watu wanabishana juu ya muda bila kuupima. Tume ya Vyuo Vikuu inataka mwaka mmoja wa masomo uwe na krediti 120 kwa uchache, na krediti moja ni saa kumi za kazi: darasani, maktaba, mazoezi, mitihani, vyote pamoja. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki kama 34 za mihula miwili, unapata saa 35 kwa wiki, na kidogo juu. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, zimebaki 112. Toa 35 za masomo, zimebaki 77. Binti anakaa hapa kwa Babu, kwa hiyo kwenda na kurudi Mlimani, foleni zikiwemo, tuseme saa tatu kila siku kwa siku sita. Toa 18. Zimebaki 59. Toa 30 za kupika, kufua, ibada na kumsaidia Babu. Zimebaki 29.

MAMA: Ishirini na tisa? Zinakwenda wapi?

SHANGAZI: Ulizia simu, wifi. Nimefundisha miaka mingi, nimekaa kwenye vikao vya kupitisha matokeo. Wapo wanaoanguka kwa sababu ya vyama, na huyu mwanao ni mmoja wao. Lakini wengi zaidi niliowaona hawakuwa katika chama chochote. Walikuwa chumbani, peke yao, wakiona aibu kusema kwamba hawaelewi. Mtoto aliyetoka Kigoma au Mtwara, hana ndugu Dar es Salaam, akikosa chumba, nani anampokea? Mara nyingi ni wanajumuiya wenzake wa dini, au wanakwaya, au watu wa mkoa wake. Wao ndio watakaomwambia mhadhiri huyu anatunga vipi, karatasi za mitihani ya nyuma zinapatikana wapi, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iko mlango gani. Kwa mtu kama huyo chama si starehe. Ni kamba.

KAKA: Hapo nakubali. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza walinibeba watu wa kwaya, chumba cha watu wanne tukilala sita. Sikuwa hata na sauti ya kuimba.

BINTI: Naomba niseme, maana mnanigawa kama mirathi. Shangazi, hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi. Lakini mkutano wa klabu ya midahalo unaanza saa moja na nusu usiku. Wanaokaa mabwenini wanatembea dakika kumi. Mimi mpaka nibadilishe gari nifike Gongo la Mboto, ni saa nne au saa tano, na ni msichana peke yangu kituoni. Nikasema siwezi saa hiyo, mwenzangu mmoja akaniambia sina moyo. Halafu nilipouliza nafasi zilizopo, wavulana walikuwa wameshagawana uenyekiti na ukatibu. Wasichana wawili waliambiwa washughulikie chakula cha siku ya ufunguzi.

BABU: Bado hayo yapo?

BINTI: Yapo, babu.

SHANGAZI: Sikiliza, mwanangu. Chama kinachokutana saa ambayo nusu ya wanachama hawawezi kufika, kimeshachagua wanachama wake kabla ya uchaguzi. Kosa hilo si lako, na halitaondoka ukikaa nyumbani. Andika barua. Omba mkutano uwe saa tisa alasiri, vipindi vikiisha. Tafuta watatu wengine wanaokaa mbali, wasaini. Barua hiyo moja itakufundisha kuhusu madaraka kuliko mhadhara wangu wa saa mbili.

KAKA: Na wasipobadilisha?

SHANGAZI: Basi atakuwa amejua ni chama cha namna gani, na atatafuta kingine. Hilo nalo ni elimu.

BABU: Wajukuu zangu, mimi niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema vizuri. Watu wakinisikia nataja Cheche wanadhani nilikuwa mmoja wao. Sikuwa. Nilikuwa msomaji wao. Lakini bweni letu nalo, kwa wivu mzuri, lilitoa kijarida chake cha kurasa chache. Sikuandika makala hata moja. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa na kuzibana pini. Usiku mmoja nilisinzia, nikapanga vibaya, ukurasa wa tisa ukaja kabla ya wa saba, katika rundo zima. Asubuhi mwenzangu mmoja akafungua nakala, akaniangalia. Hakunitukana. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunipa alama wala kuninyima. Tuliketi chini wote, tukang'oa pini moja moja, tukapanga upya. Mhadhiri nilipomkosea, nilipata daraja C na mambo yakaisha. Wenzangu nilipowakosea, niliwaona wakitumia siku yao ya mapumziko kurekebisha kosa langu. Tangu siku hiyo sijawahi kutoa karatasi ofisini bila kuikagua. Nilitumikia serikali miaka 30 kwa pini zile.

KAKA: Babu, hayo ya pini ni tofauti na yangu. Mimi nilipewa cheo. Wewe ulipewa kazi.

BABU: Umelisema wewe, mjukuu wangu. Cheo kinaweza kukuficha. Kazi haikufichi.

KAKA: Kama ningerudi leo mwaka wa kwanza, nisingegombea uwaziri. Ningekaa kwanza kwenye kikundi kidogo, ambako nikikosa kufika watu wanajua kiti changu kiko wazi. Ningeingia kwenye michezo labda, au maigizo. Tunasahau hayo tukizungumza siasa tu.

SHANGAZI: Tusisahau. Novemba 1962, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipanda jukwaani katika ukumbi wa taifa wa Kampala, na waliocheza walikuwa chama cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi. Fikiria: wenzake wa chuo ndio waliompa mwandishi yule waigizaji, mazoezi na hadhira. Na hapa kwetu mwaka 1969 ilichapishwa *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, mtu aliyepitia Mlimani hapohapo. Fasihi yetu ya jukwaani inadaiwa na vijana waliokubali kukariri maneno usiku bila malipo.

MAMA: Mimi sijui Ngũgĩ. Najua ada. Hebu niambieni, huyu asipojiunga na chochote, akasoma, akapata hilo daraja la kwanza, atakuwa amepungukiwa nini?

SHANGAZI: Wifi, daraja la kwanza kwetu ni wastani wa 4.4 kati ya 5. Akilipata nitachinja kuku. Alama ni muhimu, na anayemwambia mwanafunzi kwamba alama hazina maana anamdanganya, hasa mtoto wa muuza vitunguu ambaye hana mjomba wa kumpigia simu mkurugenzi. Lakini mtihani unapima jambo moja: unajua nini ukiwa peke yako, umekaa kimya, umekatazwa kumuuliza jirani. Kazini hakuna siku hata moja utakayofanya kazi hivyo. Huyu atakuwa mwalimu. Atakaa na walimu wenzake, na kamati ya shule, na wazazi wenye hasira, na fedha za chakula cha mchana za wanafunzi. Hayo atajifunzia wapi?

BINTI: Mama, naomba nikuulize, na usinikasirikie. Fedha ya vifaa vyangu vya kidato cha tano, uliipata wapi?

MAMA: Unajua. Kwenye kikoba.

BINTI: Mlikuwa wangapi?

MAMA: Thelathini. Kila Jumatano.

BINTI: Nilikuwa nakufuata, nakaa nyuma. Kulikuwa na sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa wanawake watatu, ili asiwepo mtu anayeweza kulifungua peke yake. Wewe ulishika ufunguo mmoja. Siku ile mama mmoja alipochelewesha marejesho mara ya tatu, wenzako walitaka atolewe. Ulisimama ukasema tumfuate kwanza nyumbani tujue kuna nini. Mkamkuta mgonjwa. Nani alikufundisha kusimama mbele ya watu 30 na kusema vile?

MAMA: Hakunifundisha mtu. Nilizoea.

BINTI: Ulizoea wapi?

MAMA: ...Palepale kwenye kikoba.

Sebule ilikaa kimya kidogo. Babu alijisogeza kwenye kiti, akasema polepole.

BABU: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa. Sisi tunaitumia kwa mgeni wa nyumbani. Lakini mwanafunzi anayeingia darasani, anaandika, anatoka, anapanda gari, naye ni mgeni. Amekaa miaka mitatu, hajapewa jembe wala hajaliomba. Anaondoka na cheti, na chuo hakijui kwamba alikuwepo.

MAMA: Jembe, sawa. Lakini lisiwe majembe matatu.

KAKA: Mama ameshinda hapo. Moja.

SHANGAZI: Moja, na lisizidi saa nne kwa wiki mwaka huu wa kwanza. Na wiki tatu kabla ya mitihani, chama kipumzike. Chama kisichojua kupumzika wakati wa mitihani hakiwapendi wanachama wake.

BINTI: Kuna nafasi moja kwenye klabu ya midahalo ambayo haijachukuliwa. Mweka hazina msaidizi. Hakuna anayeitaka.

KAKA: Hakuna anayeitaka kwa sababu mweka hazina anaulizwa maswali.

BABU: Basi hiyo ndiyo yenyewe.

Neno la mwandishi

Nimewaacha wazungumze wote kwa sababu kila mmoja ana sehemu ya kweli, na nimechoka kusikia mjadala huu ukiendeshwa kana kwamba upande mmoja ni wa wapumbavu. Mama hakosei kuogopa. Nchi hii ina vijana waliopoteza miaka kwa sababu ya vyama, na historia aliyoitaja Kaka ni ya kweli, mwaka kwa mwaka. Shangazi hakosei kudai wahesabiwe na waliozama. Babu naye hakosei: chuo chetu kilipata jina duniani kwa yale ambayo wanafunzi na walimu walibishana jioni na Jumapili, si kwa mihadhara peke yake.

Lakini upande wangu ninao, na nautetea. Mwanafunzi ajiunge. Ajiunge na chama kimoja, kidogo, na ndani yake aombe kazi ambayo inaonekana isipofanywa: kuandika muhtasari, kutunza fedha, kufungua ukumbi, kupanga viti, kuweka vifaa vya timu. Mwaka wa kwanza asitafute kipaza sauti. Atafute jembe. Katika maisha yote ya chuo, mhadhiri yuko juu yake na ana alama mkononi. Ndani ya chama peke yake ndimo anamowajibika kwa watu walio sawa naye, ambao hawawezi kumfelisha wala kumfaulisha, na ambao bado anaona aibu kuwaangusha. Raia hutengenezwa na aibu hiyo njema. Mtu asiyeionja akiwa na miaka 20 huja kuwa mkubwa ofisini akidhani anawajibika kwa aliyemteua tu, na tunawajua watu wa namna hiyo kwa foleni ndefu walizotuachia dirishani.

Nawageukia na wenye vyama. Kila mwanafunzi hukatwa mchango wa umoja wa wanafunzi pamoja na ada yake, awe anahudhuria au hahudhurii. Fedha hiyo imetoka kwenye gunia la mtu. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila muhula, mahali ambapo hata anayekimbilia daladala atayaona. Mikutano ifanyike mchana. Wasichana wapewe funguo, wasipewe sufuria tu. Na wakubwa walio nje ya chuo wanaopeleka fulana na pilau kwenye chaguzi za wanafunzi waache, kwa maana wanafundisha rushwa katika nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya kufundisha kweli.

Jua lilipoanza kushuka, Binti alizikunja karatasi mbili akazirudisha ndani ya bahasha. Ya tatu aliijaza palepale mezani. Mama hakusema neno. Alifungua mkoba wake akatoa kaunta buku, lile la kikoba, jalada lake limechakaa pembeni. Akamwonyesha mwanawe ukurasa mtupu wa nyuma, akachora mistari miwili kuanzia juu hadi chini.

"Hapa tarehe na jina," alisema. "Hapa iliyoingia. Hapa iliyotoka. Usiandike kesho ya leo. Na ufunguo, mwanangu, usiushike peke yako."